Ngui Asiyejua Kunong'ona

Katika mwethya wetu wote mwanamke mmoja tu hakushika jembe, naye ndiye tuliyemhitaji zaidi. Alisimama mbele yetu juu ya udongo uliokwisha kuchimbwa, filimbi mdomoni, leso imekazwa kiunoni, akatukagua kwanza mmoja mmoja kana kwamba tumemjia kuomba kazi. Akipuliza, tunainua majembe. Akiimba mstari wake, tunayashusha na kumwitikia. Jina lake nalijua, lakini hata alipokuwa hai hakuna aliyelitumia. Tulimwita Ngui, kwa kuwa kwetu Ukambani ngui ndiye mtunzi na kiongozi wa wimbo, na mwethya ni kazi ya shirika: leo tunachimba kwako, kesho tunachimba kwangu.

Walikuwapo walionung'unika kwamba ni mvivu. Siku moja jirani yangu, mwanamke mwenye mikono ya chuma, alimwambia, "Ngui, nawe shika jembe kidogo tuone." Ngui akamkabidhi filimbi, akachukua jembe. Yule mama akapuliza vizuri tu, akaanzisha wimbo, akasahau mstari wa tatu. Tukaanza kuchimba kila mtu na mwendo wake, na mmoja akamchubua mwenzake kisigino. Kabla ya uji filimbi ilikuwa imerudi kwa mwenyewe. Ngui hakumcheka. Alisema, "Umejaribu. Wengine hawajaribu, ni kusema tu."

Hayo yalikuwa Makueni, upande wa Kalamba, miaka ile ya baada ya vita vikuu vya pili, serikali ya Wazungu ilipofungua ardhi iliyokuwa ya mbung'o na vichaka ikatuhamishia huko. Ngui alitoka Matinyani, Kitui, na mumewe. Mume alifyeka msitu ule kwa mikono yake, akajenga, akachimba mitaro ya kwanza, akafa kabla hajaona mavuno ya maana. Mtoto wao wa kiume alikwenda Mombasa kutafuta kazi na hakuleta hata salamu. Ngui akabaki na mkwe wake na wajukuu wawili wa kike, na shamba. Wote wanne walikula kutoka shamba lile na hawakuwa na kitu kingine duniani.

Shamba lenyewe lilikuwa na masharti. Chimba mitaro, usizidishe mifugo, usilime mtelemko bila matuta, fika kwenye mwethya unapoitwa. Mtu akikataa kazi ya serikali anaondolewa. Masharti hayo tulisomewa barazani neno kwa neno, tena mara mbili, ili asitokee wa kusema hakusikia. Nasema hivi mapema kwa sababu bado nina hasira: adhabu zetu zote zilisomwa kwa sauti.

Ngui hakuweza kunong'ona. Sijui kama aliumbwa hivyo au aliamua. Mimi nilipokuwa mke mgeni pale, nilikwenda kwake jioni moja kuomba chumvi, nikamwambia polepole nikiinamisha kichwa, maana kwa mama mkwe wangu chumvi ilikuwa imekwisha na sikutaka ijulikane. Akapaza sauti hadi ng'ambo ya bonde: "Chumvi! Umekuja kuomba chumvi! Haya, chukua chumvi!" Niliondoka nikilia kwa aibu. Nilipoirudisha, akapiga kelele ile ile: "Chumvi imerudi! Yote!" Nikamchukia mwezi mzima. Kisha nikatambua kwamba katika kijiji kile chenye midomo mingi, hakuna aliyeweza kusema mimi nimekula chumvi ya Ngui nisirudishe.

"Kitu kikipokewa bila kutajwa, kimeibwa," alisema. "Hata mbuzi ya mahari inatajwa. Inatajwa na rangi yake. Nani alipeleka mbuzi ya mahari kwa kuficha chini ya shuka?"

Kanisani alikuwa taabu tupu. Wakati wa ushuhuda dada mmoja alisimama akasema ametenda dhambi, na Bwana anaijua. Ngui akauliza kutoka benchi la nyuma, "Bwana anaijua, na sisi je?" Mhubiri alimwomba akae, akakaa, lakini akaendelea kumtazama yule dada mpaka wimbo wa mwisho.

Na bado, mwanamke huyo huyo alinusa ugoro. Kanisa letu lilikataza ugoro, pombe na ngoma, na Ngui alisimama na wenzake akaahidi kuacha vyote vitatu. Ugoro wake aliuweka ndani ya ghala, katikati ya vibuyu vya mbegu, na alikwenda kuunusa huko nyuma akijifanya anakagua wadudu. Chafya zake zilisikika hadi barabarani. Wazee wa kanisa walijua, watoto walijua, hata mbuzi nadhani walijua. Nilimuuliza siku moja, "Ngui, mbona hii huitaji?" Akajibu, "Hii nimenunua mwenyewe. Sikupewa na mtu." Sikubali hadi leo kwamba hilo lilikuwa jibu, lakini yeye lilimridhisha kabisa.

Alikuwa mchoyo pia. Uji wake ulikuwa mwepesi, na kwa mwethya kwake tulikunywa kabla ya kutoka nyumbani. Alikuwa na kinyongo. Mtu akimwudhi, alimweka kwenye wimbo na kuchimba naye mtaro mzima, kutoka juu hadi chini. Simpambi. Waliokufa hupambwa na watu ambao hawakukaa nao.

Halafu mvua zikakatika. Msimu wa kwanza mahindi yalifika magotini yakanyauka, msimu wa pili hayakuota. Tulikula unga wa muhogo wa msaada, ule tuliouita mwolyo, unaokwama kooni na kunuka gunia. Bwana Shauri, ofisa wa tarafa, akaja na motokaa yake, tukaitwa barazani. Akasema kwa mdomo wa karani wake kwamba serikali imeona taabu yetu. Kila shamba lililoharibika kwa jua litapewa mbegu mpya, na fedha za kumshika mkulima hadi mavuno. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Mzee mmoja akauliza, "Majina yatasomwa lini?"

Hedimani, mkuu wetu wa kijiji aliyewekwa na serikali, akajibu kabla karani hajatafsiri. "Majina ni ya ofisi."

Huyo hedimani, Mgala muue na haki yake mpe, alijua kazi. Alipima mtaro kwa jicho na maji hayakuuruka. Lakini alikuwa na ndugu yake, mfanyabiashara wa ng'ombe, mwenye shamba zuri karibu na mto, na mwaka ule ndugu huyo hakuwa amepanda hata punje. Alikuwa safarini na ng'ombe wake, na bado alihesabiwa miongoni mwa walioharibikiwa. Sasa niambieni, shamba lisilopandwa linaharibiwaje na jua?

Wiki zikapita. Tuliona gunia linashuka hapa, lingine pale, daima magharibi, daima na punda. Nyumba iliyopata ilifunga mlango. Isiyopata ilifikiri ni yenyewe tu iliyosahauliwa, ikaona haya kuuliza. Kwetu hatukupata kitu, na mama mkwe wangu alitukataza kusema, eti watu watafikiri tumekosana na serikali. Hivyo ndivyo walivyotuweza. Kila mtu alikaa na njaa yake ndani akiifanya siri yake mwenyewe, na wao wakapata nafasi ya kutosha ya kuiba.

Ngui naye hakupata kitu, ingawa mahindi yake yalikauka mbele ya macho ya Bwana Shamba mwenyewe, aliyeyashika akatikisa kichwa. Ila yeye hakwenda ofisini kulalamika. Alikuja kwenye mwethya asubuhi moja, akapuliza filimbi, akaanzisha wimbo tusioujua. Mstari wake ulikuwa swali. Alitaja shamba la kila mmoja kwa zamu, akauliza: limepata nini? Mwenye shamba ndiye aliyetakiwa kuitikia, jembe likishuka, na wote tukarudia jibu lake.

Wa kwanza alikuwa yule mama wa mikono ya chuma. Akasita. Kisha akajibu, "Vumbi!" Tukaitikia sote, vumbi, na majembe yakashuka. Ngui akahamia kwa anayefuata. Vumbi. Anayefuata. Gunia la mbegu! Tukaitikia, gunia la mbegu, wala hakuna aliyemchukia, maana shamba lake lilikuwa limeungua kweli. Ilipofika zamu yangu nilimtazama mama mkwe wangu. Akatazama chini. Nikapaza sauti, vumbi, na sijawahi kusikia kifua changu kikiwa chepesi namna ile.

Mpaka jua linasimama, bonde zima lilijua kilichotolewa na kisichotolewa. Ngui hakumshtaki mtu. Hakusema hedimani mwizi, hakusema ndugu yake mwizi. Aliuliza tu, tukajibu tu. Wimbo ukavuka kilima, ukaimbwa na mwethya wa ng'ambo, na kule nako vumbi lilikuwa jingi.

Sasa ikafika siku ya kuchimba shambani kwa ndugu ya hedimani. Ilikuwa zamu yake, na zamu ni zamu. Tulifika mapema. Mwenyewe alikuwapo, amevaa koti, ameegemea fimbo, maana alikuwa amesikia habari akataka kutuonyesha kwamba haogopi wanawake. Ngui akapuliza. Tukainua majembe. Akamwimba: shamba la mtoni, limepata nini?

Yule bwana hakujibu.

Ngui akarudia mstari. Majembe yetu yalikuwa juu. Wimbo wa mwethya, mstari wa kiongozi usipopata kiitikio, jembe halishuki; ndivyo tulivyofundishwa tangu utoto, na mikono yetu ilikuwa haijui namna nyingine. Akarudia tena. Mikono ikaanza kutetemeka. Hakuna aliyekusudia kugoma, nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye tulisingiziwa kwamba tulipanga. Tulikuwa tunangoja jibu tu ili tufanye kazi yake.

"Chimbeni!" akasema.

"Hiyo si jibu," akasema Ngui. "Sema kile umepata, wanawake wachimbe. Kama ni vumbi, sema vumbi."

Tulishusha majembe polepole tukayaweka chini. Siku ile shamba la mtoni halikuchimbwa.

Hedimani akamwita Ngui mbele ya kamati ya mashamba. Alimwambia amezuia kazi ya serikali, na siku hizo neno hilo lilikuwa karibu sana na neno siasa, na neno siasa lilitosha kumpeleka mtu mbali. Akamwonya kwamba shamba lake linaweza kuchukuliwa. Kisha akalegeza sauti. Bwana Mkubwa wa wilaya atakuja kuona jinsi msaada ulivyofika. Kama Ngui ataongoza wimbo wa kumkaribisha na kumshukuru, habari zitaishia pale. Atalima shamba lake kama kawaida, labda hata mbegu itapatikana.

Akakubali. Nilipata habari nikamkimbilia, nikamkuta nyuma ya ghala na ugoro wake, nikamfokea kama mtoto mwenzangu. "Utawashukuru kwa kitu gani? Wewe ndiye ulitufundisha kusema!"

"Mwana wakwa," akasema, yaani mwanangu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Wale watoto wawili wanakula nini wakifukuzwa hapa? Wimbo?"

Nilirudi nyumbani na hasira yangu, sijui nimpe nani.

Siku ya baraza Bwana Mkubwa aliketi kwenye kiti cha turubai, hedimani kulia, karani kushoto. Ngui akatoka mbele na filimbi, nyuma yake mwethya wetu na watu wote wa kilima. Akaimba karibu. Tukaitikia. Akaimba asante ya barabara, asante ya kisima, asante ya kuua mbung'o, na zote zilikuwa za haki. Hedimani alikuwa anatabasamu. Niliona Ngui anamtazama mkwe wake aliyekuwa amembeba mtoto mdogo mgongoni. Kisha akaanzisha ule mwingine.

Hakulitaja shamba la mtoni. Alitaja mashamba yetu sote kwa pamoja: mashamba ya Kalamba, yamepata nini?

Tulikuwa wengi pale kuliko siku zote. Kama tungeitikia sote, hata huyo Bwana asiyejua Kikamba angeuliza ni nini kile kilichotoka kwenye vifua vyote mara moja. Watu wakanyamaza. Wanaume waliokuwa wakiuimba wimbo ule kilabuni wakatazama viatu vya askari. Yule aliyeuvusha ng'ambo ya kilima akajikuna shingo. Niliitikia mimi, akaitikia mama wa mikono ya chuma, na wengine wachache huku na huko, kila mmoja kwa wakati wake, na sauti zetu zikatoka nyembamba na mbaya. Vumbi. Ngui akauliza tena. Safari hii nilijisikia mwenyewe tu.

Bwana Mkubwa akamwinamia karani, akauliza wanasema nini. Karani, mtoto wetu tuliyemsomesha kwa mbuzi zetu, alijibu kwa Kiswahili, na sisi tuliokuwa mbele tulisikia: "Wanaomba mvua, Bwana."

Bwana Mkubwa akapiga makofi. Aliipenda sana ile sauti. Akaamuru mama yule apewe ratili ya sukari, na askari akamletea ndani ya karatasi ya buluu. Ngui akaipokea kwa mikono miwili, akaigeukia halaiki ile iliyonyamaza, akaiinua juu. "Ngui amepata sukari! Ratili moja! Mmeona wote!"

Niliwachukia watu wangu siku ile kuliko nilivyomchukia hedimani. Hedimani aliiba mbegu. Wao walikuwa na neno moja tu la kusema, neno la kweli walilolijua kwa moyo, wakalimeza na mate.

Haikupita muda, siku ya soko Kalamba, tuliitwa tusikie amri. Hedimani alipanda juu ya sanduku akalisoma jina la Ngui lote, na la baba yake, na la mumewe marehemu, na namba ya shamba, na kosa la kukataa kazi ya serikali. Jina hilo halikuwa la ofisi. Lilisomwa sokoni kati ya wauza ndizi. Ngui alifunga vyombo vyake, akawashika wajukuu, mkwe akabeba sufuria, wakashika njia ya kurudi Kitui. Shamba alipewa mtoto wa ndugu ya hedimani. Mitaro aliikuta imechimbwa tayari.

Nilimwona Ngui tena baada ya miaka mingi. Hedimani alikuwa amestaafu kwa heshima, na boma lake limezungushiwa ua. Ofisa mpya alikuja, akachimbua mambo, akaona aibu kidogo. Basi mwenyekiti wa kamati aliposikia nakwenda Matinyani kwa mkutano wa akina mama wa kanisa, aliniita kando. Nikamwambie yule mama, akasema, kwamba aje ofisini siku yoyote ambayo si ya watu kukusanyika. Atapewa sehemu ya shamba lake. Isipokuwa asifanye kelele, na asieleze mtu amepewaje.

Nilimkuta kwa kaka yake, kwenye kibanda cha kuazima, anasokota kamba za mkonge. Meno yalikuwa yamekwisha na sauti imekuwa ya kukwaruza. Mkwe alikuwa ameolewa kwingine. Mjukuu mkubwa alikuwa ameozwa kabla ya wakati, mwaka ambao hapakuwa na chakula, kwa mtu mzima mwenye wake, na mdogo alikuwa pale anachambua mkonge, vidole vimechanika. Nilifurahi kwamba nimebeba habari njema. Nilimweleza yote kwa haraka, hata lile la kutofanya kelele, nikidhani atalicheka.

Akasokota mpaka mwisho wa kamba, akaifunga fundo.

"Waliniondoa wapi?" akaniuliza.

"Kalamba, mwaitu," nikajibu, yaani mama.

"Kalamba wapi?"

"Sokoni."

"Basi wanirudishe sokoni. Wasome jina yangu. Wasome na namba ya shamba. Waseme walikosa. Nitakuja na miguu yangu."

Nilikasirika. Nilimwambia wale hawatasoma kitu, anawajua. Nilimwonyesha vidole vya mtoto. Nilimwambia shamba ni shamba, lina udongo ule ule, likipokewa mchana au usiku linaota. Nilisema maneno makali ambayo mtu mwenye umri wangu hakupaswa kumwambia mwenye umri wake, na aliniacha niyamalize.

"Huyu mtoto nimemuuliza zamani," akasema. "Nilimwuliza, tukiitwa kwa mlango wa nyuma, twende? Akasema hapana. Nikamwambia fikiri, kuna chakula. Akasema, tukienda hivyo, siku ingine watatutoa hivyo hivyo, na hakuna mtu atajua tulikuwa huko." Akamtazama yule msichana, ambaye hakuinua uso. "Mimi ningeenda. Njaa imenishinda mimi. Ni yeye amekataa."

Msichana akaendelea kuchambua. Nilimwuliza kama ni kweli. Akajibu kwa sauti kubwa kuliko kibanda kile kilivyohitaji, "Ni kweli."

Nilirudi Kalamba. Mwenyekiti alikuwa ananingoja. Aliniingiza ofisini, akafunga mlango, akavuta kiti karibu, akaniuliza polepole yule mama amesema nini. Nikamwambia nitalijibu swali lake siku ya baraza.